Tusiwanyime wahandisi wetu kemia na hesabu za duka

Kila majina ya vijana waliochaguliwa kujiunga na vyuo vikuu yanapotangazwa, wazazi wa huku mpakani hutujia sisi walimu na swali lile lile. Mtoto amepata nafasi ya kusomea uhandisi, familia imefanya sherehe, mbuzi amechinjwa. Baada ya wiki mbili tatu orodha ya kozi inafika nyumbani. Mzazi anaipitisha kidole mstari kwa mstari, na pale anapotarajia kukuta umeme na mitambo peke yake anakuta pia kanuni za uhasibu, uchumi, kemia, sayansi ya mazingira, menejimenti ya miradi, stadi za mawasiliano. Ndipo anapouliza: "Mwalimu, mimi nauza maharage ili mtoto awe injinia. Huu uhasibu ni wa nini? Uhasibu hata mimi naujua bila cheti."

Swali hilo ni la haki na halistahili kupuuzwa. Anayeliuliza amelipa kwa fedha aliyoitafuta kwenye foleni ya forodha kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Kwa bahati mbaya anajibiwa kwa mkato, kwamba chuo ndivyo kilivyopanga. Kijana mwenyewe naye huichukulia kozi ya namna hiyo kama kodi ya kupita getini: anahudhuria nusu, ananakili madaftari ya mwenzake, anapata alama za kumvusha, anasahau. Hata baadhi ya wahadhiri wa uhandisi huwaambia wanafunzi wao waziwazi kwamba kozi za nje ya idara ni za kujazia ratiba.

Sisi tunasema kozi hizo si za kujazia. Tunasema pia kwamba jinsi zinavyofundishwa mahali pengi kunampa mzazi sababu ya kulalamika. Mambo haya mawili ni ya kweli kwa pamoja, na yeyote anayeshika moja na kuliacha jingine anaharibu mjadala.

Tuanze na jambo ambalo kila mfanyabiashara wa nafaka katika Afrika Mashariki analikumbuka. Mwezi Machi mwaka 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Malori yakakwama Namanga, madereva wakalala chini ya matrela yao, bei ikaanguka kwa wakulima ambao hata hiyo sumu hawakuwahi kuisikia. Siku chache baadaye zuio likalegezwa, lakini kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na mzigo uwe na cheti kuonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kenya ilikuwa na sababu ya kuogopa. Mwaka 2004 watu 317 waliugua nchini humo kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao walifariki.

Sumukuvu hutoka wapi? Hutoka kwa kuvu, kiumbe hai anayependa joto na unyevu. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Punje ikizidi hapo na ikakaa katika ghala lenye joto, kuvu anastawi. Ukuta wa ghala ukiwa imara kiasi gani, bati likiwa la geji gani, haimhusu.

Sasa mwite mhandisi ujenzi aliyesoma zege na nondo peke yake, umwambie akujengee ghala la tani mia mbili. Atakujengea ghala lisiloanguka kwa miaka hamsini. Pengine ataweka sakafu moja kwa moja juu ya udongo, bila kitu cha kuzuia unyevu usipande. Madirisha atayaweka yanapopendeza, wala hatajali hewa inaingilia wapi na kutokea wapi. Paa ataliacha likusanye joto mchana, na usiku bati likipoa mvuke ugeuke matone yanayoangukia magunia ya juu. Kwa hesabu zake ghala ni zuri, kwa kuvu vilevile ni zuri. Muhula mmoja tu wa baiolojia na kemia ya vyakula, wenye saa chache za kuangalia punje chini ya hadubini, ungemfanya aulize swali ambalo halimo katika vitabu vya zege: ndani ya hili jengo kutakaa nini, na hicho kitu kinaishi vipi?

Hapa kwetu Rwanda tunao mfano wa upande wa pili, wa wahandisi waliouliza swali hilo. Mwaka 1997, miaka mitatu baada ya mauaji ya kimbari, ilianzishwa Kigali taasisi ya sayansi na teknolojia iliyojulikana kwa kifupi KIST, katika majengo yaliyokuwa ya chuo cha kijeshi. Jina lake la mwanzo lilikuwa na maneno matatu: sayansi, teknolojia na menejimenti. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Profesa Silas Lwakabamba, mhandisi mzaliwa wa Tanzania aliyewahi kuongoza kitivo cha uhandisi pale Mlimani, Dar es Salaam, na ambaye baadaye alikuja kuwa waziri katika serikali yetu. Wakati huo magereza yalikuwa yamejaa kupita kiasi. Kuni za kupikia zilikuwa zinamaliza misitu na fedha ya serikali, na kinyesi cha maelfu ya watu kilikuwa kinatiririka mabondeni. Wahandisi wa KIST wakajenga mitambo ya gesi ya samadi chini ya ardhi, wakianzia gereza la Cyangugu mwaka 2001, kisha mengine. Gesi iliyopatikana ilipunguza matumizi ya kuni hadi kufikia nusu, na masalio yakawa mbolea ya mashamba. Mwaka 2005 kazi hiyo ilipata tuzo ya Ashden huko Uingereza.

Angalia kilichomo ndani ya mtambo huo. Kuna tofali na saruji, ndiyo, na kuba lililopigwa lipu kwa uangalifu lisivujishe gesi. Lakini mfanyakazi mkuu ni bakteria wasiotaka hewa. Bakteria hao wana joto wanalolipenda na muda wanaouhitaji, na mtu akimwaga dawa kali ya kusafishia vyoo, wanakufa na gesi inakatika. Fundi anayejua tofali tu angebomoa kuba mara tatu akitafuta ufa usiokuwepo. Halafu kuna daftari la mhasibu: kuni ziligharimu kiasi gani kwa mwaka, mtambo utagharimu kiasi gani, fedha itarudi lini. Bila daftari hilo hakuna wizara ambayo ingetoa senti. Kidole kimoja hakivunji chawa, na gereza la Cyangugu halikupata gesi kwa uhandisi ujenzi peke yake.

Baadaye neno la menejimenti liliondolewa kwenye jina la KIST, na mwaka 2013 taasisi yenyewe ikaunganishwa na vyuo vingine vya umma kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda, chenye koleji ya sayansi na teknolojia kwake na koleji ya biashara na uchumi kwake. Kuunganisha kulikuwa na sababu zake na hatutaki kuzifukua hapa. Ila ni wazi kwamba mwanafunzi wa mitambo na mwanafunzi wa fedha walipokuwa chini ya mkuu mmoja, wakila katika bwalo moja, ilikuwa rahisi zaidi mmoja kujua kazi ya mwenzake.

Tuje sasa kwenye uhasibu, maana ndio unaowakera wazazi zaidi. Mama mmoja, tuseme, ana mashine ya kusaga karibu na mpaka wa Rusumo. Anataka kununua mpya. Dukani kuna mbili. Ya kwanza inauzwa faranga milioni 2. Ya pili inauzwa milioni 3 na laki 2, lakini mota yake ni bora: kwa kazi ile ile inakula umeme pungufu kwa kilowati 2. Mhandisi aliyesoma mota tu atasema bila kusita, nunua ya pili, ina ufanisi. Mwenye duka atasema nunua ya kwanza, ni rahisi. Nani mkweli?

Ikiwa mashine inafanya kazi saa 8 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, hizo kilowati 2 zinazookolewa ni uniti 4,800. Uniti ikiwa faranga 200, ni faranga 960,000 kwa mwaka. Tofauti ya bei, yaani milioni 1 na laki 2, inarudi katika miezi kumi na mitano. Hata kama mama amekopa tofauti hiyo kwa riba ya asilimia 18, riba ya mwaka ni 216,000, na bado anabakiwa na faida. Mhandisi ameshinda.

Lakini tuseme mama huyo anasaga msimu wa mavuno tu, siku 60 kwa mwaka, saa 5 kwa siku. Akiba yake sasa ni uniti 600, sawa na faranga 120,000. Riba peke yake ni 216,000. Akinunua mashine bora kwa mkopo, kila mwaka anazama zaidi, na mwisho wake benki inachukua mashine, na jirani zake watasema amerogwa. Mashine ni zile zile. Kilichobadilika ni biashara ya mwenye nayo, na hilo mhandisi hawezi kulijua kama hajafundishwa kuuliza saa, msimu na riba kabla ya kufungua kitabu cha mota.

Nimewahi kuliweka hesabu hili ubaoni kwa wanafunzi wa sekondari wa mchepuo wa fizikia. Waliokuwa hodari wa fizikia walikimbilia ufanisi. Aliyelipata la pili alikuwa binti ambaye mama yake anakopa kwenye kikundi cha akina mama. Hakuwa wa kwanza darasani.

Wazazi wanaosema wanaujua uhasibu bila cheti wanasema kweli, na kwa hiyo wao hasa ndio wanaopaswa kuelewa kwamba mtoto aliyekulia bwenini kuanzia miaka kumi na miwili hakuurithi ujuzi huo kwa damu. Wewe ulijifunza mtaji na hasara kwa kuibiwa, kwa kukopeshwa, kwa kushikiwa mzigo. Yeye wakati huo alikuwa anakariri sheria za Newton, kwa ada yako.

Sisi tuliosomea uhamishoni tunayo kumbukumbu ya mfumo mwingine. Tanzania ya wakati wetu ilikuwa bado na shule za sekondari zenye michepuo: kilimo, biashara, ufundi, sayansikimu. Ilikuwa ni matunda ya Elimu ya Kujitegemea iliyotangazwa mwaka 1967. Mtoto wa mkimbizi kutoka Karagwe au Ngara angeweza kujikuta anasoma fizikia asubuhi na utunzaji wa vitabu vya hesabu mchana, kisha jioni yuko shambani na jembe. Mengi katika mfumo ule yalikuwa ya juujuu, na jembe mara nyingi lilikuwa adhabu kuliko somo. Hata hivyo daftari la mapato na matumizi ya mradi wa kuku wa shule lilikuwa daftari la kweli, lenye kuku wa kweli waliokufa kwa kideri. Wapo wenzetu waliorudi mwaka 1994 na 1995 bila shilingi, wakaanzisha stoo za kwanza katika vituo vya biashara vya mashariki mwa nchi. Wengi wao hawakuwa na shahada. Walijua kutenga mtaji na matumizi ya nyumbani.

Chuoni vilevile. Wanafunzi wa Mlimani, wahandisi pamoja nao, walilazimika kusoma Taaluma za Maendeleo, wapende wasipende. Wengi waliinung'unikia kozi hiyo, na wapo wanaoinung'unikia hadi leo. Lakini mhandisi wa barabara ambaye hajawahi kuulizwa barabara inamfaidia nani atachora mstari mnyoofu katikati ya soko la watu.

Isidhaniwe kwamba hii ni tabia ya nchi maskini zinazotaka kila mtu ajue kila kitu. Chuo cha MIT cha Marekani, ambacho vijana wetu wote wa uhandisi wanakiota, kinamlazimu kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza, hata wa umeme au wa ndege, kusoma baiolojia na kemia pamoja na fizikia na hesabu, kisha masomo manane ya sanaa na sayansi za jamii. Chombo kinachoidhinisha shahada za uhandisi nchini humo, ABET, kinataka programu iwe na angalau krediti 30 za muhula za hesabu na sayansi za msingi, na 45 za uhandisi wenyewe, na juu yake elimu pana ya kukamilisha. Mkataba wa Washington wa mwaka 1989, ambao kupitia kwake nchi kadhaa zinatambua shahada za uhandisi za wenzao, unahesabu usimamizi wa miradi na fedha, mawasiliano, na mazingira miongoni mwa sifa za mhitimu. Mzazi anayemshauri mwanawe aziruke kozi hizi ili "awe injinia kamili" anamshauri awe injinia ambaye wenzake wa duniani hawatamwona kamili.

Na kazi zilizo mbele ya vijana wetu hazikai ndani ya idara moja. Chukua Ziwa Kivu. Maji ya chini kabisa ya ziwa hilo yameshika takriban kilomita za ujazo 60 za gesi ya methani na 300 za kaboni dayoksaidi. Methani hiyo imetengenezwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Tangu mwaka 2016 mtambo wa KivuWatt, wa megawati 26, unaivuta na kuigeuza umeme. Kuivuta ni kazi ya mabomba na pampu. Lakini maji yaliyokamuliwa gesi lazima yarudishwe ziwani, na swali la kuumiza kichwa ni kwamba yarudishwe kwenye kina gani. Ukiyarudisha juu mno, virutubisho vya chini vinapanda na kuvuruga maji ambamo wanaishi sambaza, wale samaki walioletwa zamani kutoka Ziwa Tanganyika, na ambao akina mama wa Rubavu na Goma wanaishi kwa kuwauza. Ukivuruga matabaka ya maji yenyewe, unachezea jambo baya zaidi. Mwaka 1986 Ziwa Nyos la Kameruni, dogo sana ukililinganisha na Kivu, lilitoa ghafla kaboni dayoksaidi na kuua watu wapatao 1,700 kwa usiku mmoja. Nani atamruhusu mhandisi wa pampu asiyejua kemia ya maji kusogelea ziwa lenye watu mamilioni pande zote mbili?

Au chukua Rusumo, ambako wengi wenu mnapita kila wiki na kusikia maporomoko yakinguruma chini ya daraja. Mtambo wa umeme wa pale ni wa megawati 80, na nchi tatu, Rwanda, Burundi na Tanzania, zinagawana sawasawa. Wapangaji waliamua hatimaye kutumia mtiririko wa mto wenyewe badala ya kuzuia bwawa kubwa, ili ardhi ndogo zaidi ifunikwe na maji na watu wachache zaidi wahamishwe. Uamuzi huo haukutoka kwenye hesabu za turbini. Turbini ingefurahia bwawa kubwa. Ulitoka kwa watu waliohesabu mashamba, fidia na vinamasi, wakakaa meza moja na wahandisi walioelewa wanachoambiwa.

Baada ya kusema hayo yote, tugeukie vyuo, maana wao hawajatoka salama.

Mzazi analalamikia uhasibu kwa sababu ameuona unavyofundishwa. Mwanafunzi wa uhandisi anaingizwa katika ukumbi wa watu mia nne pamoja na wa benki na wa masoko, anapewa kitini cha zamani kinachozungumzia hisa za makampuni ya Ulaya, anakariri, anafanya mtihani wa kuchagua majibu. Hakuna anayemwonyesha mizania ya kampuni ya ujenzi, au zabuni ilivyoandaliwa, au kwa nini mkandarasi mwenye kazi nyingi anaweza kufilisika kwa kuchelewa kulipwa. Kemia inafundishwa hivyo hivyo, kana kwamba kila aliyemo darasani atakuja kuwa mwalimu wa kemia. Mwanafunzi wa ujenzi anamaliza muhula bila kuambiwa kwamba saruji kushika ni kemia, na nondo kuota kutu ni kemia, na maji ya kisima yenye chumvi kuharibu zege ni kemia.

Nalo somo la ujasiriamali, ambalo kwa miaka mingi sasa ni la lazima katika sekondari zetu na limefuata wanafunzi hadi vyuoni, limegeuka kuwa zoezi la insha. Kijana anaandika mpango wa biashara wa kampuni isiyokuwepo, yenye wateja wasiokuwepo, faida ikipanda kila mwaka kama ngazi. Anayemsahihishia pengine hajawahi kuuza hata kilo ya chumvi. Mpelekeni kijana huyo wiki mbili akae na mama wa mchele pale mpakani, aandike kila faranga inayoingia na kutoka, pamoja na ile ya mbebaji, ya choo, na ya mizani. Hiyo daftari ndiyo isahihishwe. Mazoezi ya viwandani yapo tayari kwenye ratiba za wahandisi. Hatuoni kwa nini sehemu ndogo ya muda huo isitumike sokoni.

Wakuu wa idara za uhandisi wanajitetea kwamba miaka minne haitoshi. Kila mwaka kuna jipya, sola, roboti, akili mnemba, na hakuna anayekubali kozi yake iondolewe. Wanasema kweli kuhusu muda. Lakini mtu akifungua mitaala atakuta kozi mbili za idara ile ile zinazorudia mada ile ile kwa sababu wahadhiri wawili hawazungumzi. Waanze kupunguza hapo kabla ya kukata kemia. Aidha, si lazima mwanafunzi wa umeme na wa maji wapewe sayansi ile ile. Wa maji na ujenzi apewe baiolojia na kemia ya maji. Wa umeme apewe uchumi wa nishati, ajue bei ya uniti inapangwaje na kwa nini kijiji kinaunganishwa umeme kisha nyumba nyingi zinabaki na taa moja. Wa mitambo, katika nchi ya wakulima, apewe kidogo sayansi ya mazao. Na kila mmoja aachiwe angalau kozi moja ya kuchagua mwenyewe bila kushauriwa na mtu.

Kwa wanaorudi nyumbani, na kwa wafanyabiashara wenye watoto katika vyuo vya nchi zaidi ya moja, kuna jambo la ziada ambalo halizungumzwi. Mwanafunzi anayehama kutoka chuo cha nchi jirani, kwa vita, kwa ada au kwa sababu familia imerejea, anakuja na matokeo yake. Kozi za uhandisi kwa kawaida hutambuliwa bila ugomvi mkubwa, kwa kuwa hesabu za nguvu na mizunguko ya umeme zinafanana kila mahali. Zinazokwama ni hizi za nje ya idara. Jina halifanani, krediti hazilingani, kwao iliitwa uchumi wa kampuni na hapa inaitwa uchumi wa uhandisi, na karani anaandika "arudie". Nimeona kijana aliyetoka Kongo akirudishwa muhula mzima kukaa kozi tatu alizokwisha kufaulu kwa Kifaransa, wakati baba yake anahesabu ada ya muhula huo kwa magunia.

Wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza mwaka 2017 kwamba kanda yetu ni eneo moja la elimu ya juu. Wahandisi wenye usajili wa Kenya, Uganda na Tanzania walikwisha kuwa na makubaliano ya kutambuana tangu 2012, na Rwanda ikajiunga baadaye. Ikiwa mhandisi aliyehitimu anaweza kuvuka mpaka na kufanya kazi, mwanafunzi anayehama na kozi yake ya uhasibu naye avuke nayo. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki liandae orodha fupi ya kozi za sayansi na biashara kwa wahandisi, zenye maudhui na krediti zinazofahamika, ili chuo kinachotaka kuikataa kozi ya mwenzake kieleze kwa maandishi kinachopungua.

Mpaka hapo litakapofanyika, mzazi usingoje. Mtoto akiwa anasoma ng'ambo ya mpaka, mwambie kila mwisho wa mwaka achukue chuoni, pamoja na matokeo, maelezo ya kila kozi: mada zilizofundishwa, idadi ya saa, krediti, na vitabu vilivyotumika, yote yakiwa na muhuri na sahihi. Yakiwa ya Kifaransa yatafsiriwe mapema na mtafsiri anayetambuliwa, na nakala zibaki nyumbani. Hizo karatasi za uhasibu na kemia, ambazo wengi huzifungia maandazi, ndizo atakazoulizwa kwanza.